Mkono Uliotoa kwa Hesabu: Hotuba ya Kumkumbuka Mhasibu Wetu wa Ngamiani

Bismillahi Rahmani Rahim. Masheikh wetu mliotuongoza katika kisomo, Mama yetu mjane wa marehemu, watoto na wajukuu, wazee wa mtaa, viongozi na wanachama wa vikundi vya Ngamiani, Makorora na Chuda, Assalaam alaykum. Na ninyi ndugu zetu wa imani nyingine, ambao marehemu alikaa nanyi kama watu wa tumbo moja, nawasalimu kwa heshima ileile.

Familia imeniomba niseme maneno machache kwa niaba yetu sisi tuliofundishwa kazi na mzee huyu, sasa ambapo mwaka mmoja umetimia tangu atutoke. Nitamwita Mhasibu, kwa kuwa ndivyo Tanga ilivyomwita, kuanzia wauza samaki hadi walimu wa madrasa, na naamini yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko vyeo vyote alivyowahi kuandikiwa kwenye barua.

Waliotangulia kusema wamemsifu kwa ukarimu, na wamesema kweli. Mimi ninataka kuongeza jambo moja juu ya hapo: ukarimu ule ulizaliwa ndani ya kazi yake ya hesabu. Tumezoea kudhani kwamba mwenye kuhesabu sana ni mgumu wa kutoa, na kwamba mwenye kutoa sana hana habari na hesabu. Mhasibu alihesabu ili apate cha kutoa, na alitoa kile tu ambacho hesabu ilimthibitishia kuwa ni chake. Mambo hayo mawili hayakupata kuachana katika maisha yake, na nitajitahidi kueleza ni kwa namna gani.

Alianza kazi akiwa kijana mdogo, karani wa mishahara katika shamba la mkonge. Kwa vijana ambao mkonge wanauona kupitia dirisha la basi tu wakielekea Muheza na Korogwe, niseme kwamba mkoa huu uliinuliwa na jani lile. Mmea wenyewe uliletwa pwani ya kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Nyuma ya tani hizo walikuwapo wakataji, manamba waliotoka Kigoma, Burundi na Msumbiji, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Siku ya mshahara walipanga foleni mbele ya dirisha la ofisi, wakachovya dole gumba kwenye wino, wakaligandamiza kwenye karatasi wasiyojua imeandikwa nini, wakapokea walichopewa na kuondoka.

Mhasibu aliukuta utaratibu huo na haukumkalia vizuri. Hakuwa na mamlaka ya kuongeza mshahara wa mtu yeyote, lakini kalamu na karatasi vilikuwa mikononi mwake, na akaamua kwamba hakuna atakayeweka dole mbele yake kabla ya kusomewa. Alisoma kwa sauti: siku ulizofanya kazi ni hizi, stahili yako ni hii, kilichokatwa ni hiki na kimekatwa kwa sababu hii, je, unakubali? Foleni ilikwenda polepole, wakubwa wake wakanung'unika, naye akajibu kwamba yuko tayari kubaki dirishani hadi usiku. Wapo wazee walionisimulia kwamba alibaki kweli, kwa mwanga wa karabai. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alijitolea kufundisha darasa la jioni palepale shambani. Somo lake la kwanza lilikuwa namna ya kusoma karatasi ya mshahara, na baada ya hapo ndipo akawarudisha wanafunzi wake kwenye a, e, i, o, u.

Ninalitaja hili kwa urefu kwa sababu ndipo palipo na mzizi. Kijana ambaye mfukoni hana kitu alikuwa tayari anatoa. Alitoa muda wake na maarifa yake, na kumpa mtu uhakika wa haki yake ni zawadi ambayo thamani yake huonekana pale tu inapokosekana.

Mkonge ulianza kuporomoka, kamba za plastiki zikatwaa soko la dunia, mashamba yakapunguza watu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi takribani tani 20,000, lakini Mhasibu alikuwa amekwisha kuhamia mjini zamani, kwenye kazi ya benki. Benki za biashara zilikuwa zimetaifishwa Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, na nchi ilikuwa na njaa ya vijana wa hesabu. Alifanya kazi mchana na kusoma usiku, akakaa kwenye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile iliyoanzishwa mwaka 1972, na akafaulu huku analea watoto wachanga. Mama yetu aliyepo hapa ndiye aliyekuwa akimwamsha saa tisa za usiku na kumwekea chai ya tangawizi pembeni ya vitabu. Sifa ya vyeti vile ni ya watu wawili, na marehemu hakupata kusema vinginevyo.

Mimi nilimkuta hapo, nikiwa karani mpya ambaye hata kufungua leja vizuri sijui. Hapakuwa na kompyuta wakati huo. Kila muamala uliandikwa kwa mkono, jioni pesa taslimu zikahesabiwa, vocha zikapangwa, na hakuna aliyeondoka mpaka hesabu zimefunga. Zikitofautiana kwa shilingi moja, watu walibaki. Wengine wangetoa shilingi hiyo mfukoni ili waende nyumbani, na Mhasibu alilikataa jambo hilo kabisa. Alisema kwamba shilingi inayokosekana ni habari, na ukiifunika kwa shilingi yako umeificha habari. Alitufundisha kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, uwezekano mkubwa ni kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, mtu ameandika 450 mahali pa 540, na tofauti yake ni 90. Alitufundisha pia kwamba kosa kwenye leja halikwanguliwi kwa wembe wala kufunikwa kwa rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja juu ya tarakimu iliyokosewa, namna ambavyo bado inasomeka, unaandika iliyo sahihi juu yake, kisha unaweka sahihi yako na tarehe. Mtu atakayekuja baada yako ana haki ya kuona palipokosewa na aliyesahihisha.

Pale kazini wapo waliomwita mkono wa birika. Ninalisema hili mbele ya familia kwa sababu familia inalijua, na kwa sababu bila hili sifa zake hazikamiliki. Mfanyakazi mwenzetu alimwendea siku moja, mtoto amelazwa, akaomba apewe fedha kutoka kwenye kasha la ofisi, atarudisha mwisho wa mwezi, hakuna atakayejua. Mhasibu akakataa palepale. Yule bwana aliondoka na hasira, akawaeleza watu kwamba huyu si binadamu. Jioni ile Mhasibu alipanda baiskeli yake, akavuka reli kurudi Ngamiani, akazungumza na mkewe, wakatoa fedha walizokuwa wamewekea mabati ya nyumba yao, na kabla ya Isha alikuwa hospitalini na bahasha mkononi. Nyumba yao ilikaa msimu mwingine mzima wa masika ikivuja. Kasha la ofisi lilikuwa na fedha za watu wasiojua kwamba kuna mtoto anaumwa na wasioombwa ridhaa yao. Mabati yalikuwa ya kwake na ya mkewe, na ridhaa yao waliitoa wenyewe. Aliyenisimulia habari hii ni yule bwana mwenyewe, na yupo kati yetu leo.

Juu ya kipindi cha mageuzi sina mengi ya kusema. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi, mashirika yakapangwa upya, watu wengi wakaondolewa kazini, na yeye akawa mmoja wao. Alipewa barua asubuhi, akakabidhi vitabu vyake ukurasa kwa ukurasa, akarudi nyumbani. Malalamiko yake, kama yalikuwapo, sikuyasikia.

Kilichofuata ndicho ambacho wengi wenu mnakifahamu kuliko mimi. Wenzake wa umri ule walijenga vibanda vya biashara au walirudi mashambani, na hilo si jambo baya, lakini yeye aliona kwamba mtaa wake umejaa watu wanaofanya kazi usiku na mchana na hawabaki na kitu. Mama lishe, wauza nazi, mafundi baiskeli, wavuvi wa Sahare. Wote walicheza upatu, wote walikopa, na karibu wote walikopa bila kujua wanalipa kiasi gani. Alianza kukaa barazani baada ya Alasiri na daftari la mistari, na yeyote mwenye karatasi ya mkopo alikaribishwa kuja nayo.

Naomba mnivumilie niwaonyeshe hesabu moja, kwa sababu ndiyo aliyoirudia kuliko zote na ndiyo iliyowaokoa wengi wenu kwenye mikopo ya kausha damu. Mtu amekopa shilingi 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 10 kwa mwezi. Mkopeshaji anamwambia: rejesho lako ni 160,000 kila mwezi. Inaonekana nyepesi. Mhasibu alichora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aliandika riba kama mkopeshaji anavyoipiga: 60,000 mwezi wa kwanza, 60,000 wa pili, hadi wa sita, jumla 360,000. Upande wa kulia aliandika riba ikipigwa kwenye deni lililobaki, kwa kuwa kila mwezi mtu huyu anarudisha 100,000 ya mtaji: 60,000, kisha 50,000, kisha 40,000, 30,000, 20,000, 10,000, jumla 210,000. Halafu aliuliza swali lake kwa upole: mwezi wa sita, ulipobakiwa na deni la 100,000 tu mkononi, kwa nini ulilipia riba ya 600,000? Tofauti ya 150,000 kwa mama lishe ni mtaji. Nilikuwapo siku mama mmoja wa soko la Mgandini alipoiona karatasi ile. Aliikunja, akaitia ndani ya kanga, na kesho yake akaja na wenzake.

Kwa upande wake mwenyewe, alipokopesha fedha zake alikopesha karadha hasana, bila nyongeza ya hata senti, na aliwahimiza waliojali suala la riba watafute taasisi zinazofuata sharia, akafurahi sana mwaka 2011 Benki ya Amana ilipofungua milango yake. Lakini hata karadha hasana aliiandika. Akiulizwa kwa nini ndugu kwa ndugu waandikishane, aliwakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni.

Kutoka barazani pale ndipo vilipozaliwa vikoba vyenu, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mfumo wenyewe, ulioanzia Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, aliusoma na akaupenda kwa sababu kila kitu hufanyika mbele ya macho ya wote: hisa zinanunuliwa mkutanoni, zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, mkopo unatolewa na kurejeshwa mkutanoni, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mara nyingi alibembelezwa ashike ufunguo mmoja, kwa heshima ya umri wake na imani waliyokuwa nayo kwake. Alikataa kila mara. Aliona kwamba kikundi kinachomtegemea mtu mmoja mwaminifu kitavunjika siku mtu huyo atakapokufa, na tazameni, amekufa, na vikundi vyenu vimekutana wiki hii kama kawaida. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipoweka vikundi vya kijamii kwenye daraja la nne la watoa huduma hizo na kutaka visajiliwe, ni yeye aliyekaa na makatibu wenu, katiba baada ya katiba, akiuliza maana ya kila kifungu kabla hakijaandikwa.

Sasa nizungumze juu ya nyumba yake, kwa idhini ya Mama.

Mwisho wa kila mwezi, mkeka ulitandikwa sebuleni, familia nzima ikakaa, na Mhasibu akasoma hesabu ya nyumba. Aliwaambia watoto mshahara wake ni kiasi gani. Sijui nyumba nyingine ya wakati ule ambayo baba alifanya hivyo. Alisoma mafungu: chakula, ada, akiba, na fungu aliloliita la ndugu, ambalo lilitengwa mwanzoni kabisa mwa mwezi wala halikusubiri kitakachobaki. Kwa fungu hilo walisoma watoto wa kaka yake, wa jirani, na wengine ambao mpaka leo hawajui ada yao ilitoka wapi. Binti yake wa pili amenieleza, na ameniruhusu niseme, kwamba alipokuwa kidato cha pili aliwahi kulia kwa sababu ya viatu vya Idi. Baba yake hakumkemea. Alimpa daftari, akamwambia, mwanangu, tafuta mwenyewe fungu la kupunguza, ukilipata nitakununulia viatu kesho. Alikaa na daftari lile hadi usiku, akashindwa kulipata. Idi hiyo alivaa viatu vyake vya zamani, vimepakwa rangi na baba yake mwenyewe alfajiri kabla ya swala. Leo binti huyo ni mkuu wa kitengo katika ofisi ya fedha, na mkeka bado anautandika nyumbani kwake.

Aliendesha baiskeli hadi magoti yalipomkatalia. Jumamosi asubuhi alikwenda sokoni mwenyewe na kikapu, kwa kuwa alisema mtu anayepanga bajeti ya chakula bila kujua bei ya nazi anaidhulumu nyumba. Mkewe alikuwa na sauti sawa na yake katika kila shilingi, na mara kadhaa niliwahi kumsikia Mhasibu akisema, "Hilo siwezi kukujibu mpaka nimuulize mwenye nyumba," akimaanisha Mama.

Maradhi yake hayakuwa marefu. Alipozikwa, mtoto wake mkubwa alisimama kama ilivyo desturi yetu na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Siku ya tatu, familia ilifungua karatasi aliyokuwa ameiacha ndani ya daftari lake, na kwa ruhusa yao nimeisoma.

Ina sehemu nne. Ya kwanza ni amana za watu: jina la mwenye amana, kiasi, mahali ilipo, tarehe aliyoipokea. Ameiweka ya kwanza kwa makusudi, kwa sababu amana si mali ya marehemu na haiingii kwenye mirathi hata kidogo, na alijua ni mara ngapi fedha za watu zimegawanywa na warithi wasiokuwa na habari. Ya pili ni anachodaiwa, na palikuwa na jambo moja tu, salio la saruji, kwa kuwa deni hulipwa kabla wosia haujatekelezwa na kabla warithi hawajapata kitu. Ya tatu ni anaowadai. Ya nne ni mali yake, ambayo ni ndogo kuliko watu walivyodhani.

Ile sehemu ya tatu niliisoma zaidi ya mara moja. Ni orodha ndefu. Kando ya majina mengi ameandika, kwa mwandiko wake ule ule wa leja, "nimemsamehe", na kila msamaha una tarehe na sahihi. Tarehe zote ni za miaka alipokuwa mzima. Hakuna hata moja ya wakati wa ugonjwa wake. Masheikh wetu watanisahihisha nikikosea, lakini msamaha wa deni unaotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, na wosia hauvuki theluthi ya mali. Mhasibu alilijua hilo vizuri. Alichotaka kuwasamehe watu aliwasamehe akiwa na afya na akili zake, kutoka kwenye mali aliyokuwa bado na uhuru nayo, na maradhi yalipomfika akaweka kalamu chini, ili pasiwe na shilingi moja ya ukarimu wake iliyotoka kwenye haki ya mjane na watoto wake. Nimefanya kazi ya fedha kwa muda mrefu, nimeona mizania za mashirika makubwa, na sijapata kuona ukurasa uliofungwa vizuri kuliko huo.

Familia imenipa matangazo mawili ya kuhitimisha. La kwanza, darasa la barazani litaendelea kila Jumamosi baada ya Alasiri, nasi wanafunzi wake tutashika zamu. Njooni na karatasi zenu za mikopo kabla hamjaweka sahihi, msisubiri baadaye. La pili, zimebaki amana chache ambazo wenyewe hawajafika kuzichukua. Tafadhali wamwone mtoto wake mkubwa, aliyekaa pale karibu na mlango, leo au siku yoyote. Mwenye stakabadhi aje nayo, na aliyepoteza stakabadhi aje vilevile, kwa kuwa jina lake limeandikwa.

Namkaribisha sheikh atuongoze katika dua. Ahsanteni sana.